Barua ya wazi kwa wenye redio: Masafa ya Mombasa yasemewe Mombasa

Kwa wamiliki na wakurugenzi wa stesheni za biashara zinazosikika Mombasa. Kwa wakuu wa vipindi mlioko Nairobi. Na kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, mnaotoa leseni za masafa.

Assalaam aleikum. Hamjambo nyote.

MINTARAFU: KUONDOLEWA KWA WATANGAZAJI WA MOMBASA KWENYE REDIO ZA MOMBASA

Anayewaandikia ni fundi mitambo wa zamani. Nimefanya kazi miaka mingi katika studio za mji huu, nikiunga nyaya, nikiketi upande wa pili wa kioo, nikimwonyesha mtangazaji kwa kidole kwamba zimebaki sekunde kumi. Siku hizi nina kibanda changu cha kutengeneza vifaa vya umeme karibu na Mwembe Tayari, na redio huwashwa nifunguapo ikazimwa nifungapo. Nawaambia haya mapema ili mjue kwamba gharama za kuendesha stesheni nazijua, na sitaomba kisichowezekana. Ninalotaka ni jambo moja. Mtu aliyeko Mombasa, anayeijua Mombasa, ameondolewa kwenye masafa ya Mombasa, nami nataka arudishwe. Sitaki arudishwe kwa hisani ya mkurugenzi mwenye moyo mwema, kwa sababu mkurugenzi huyo akihama atahama na hisani yake. Nataka liwe sharti la leseni.

Fungueni redio huku kwetu saa moja unusu asubuhi, siku ya kazi, mzungushe kutoka 88 hadi 108. Stesheni za dini zipo, na zile za hapa hapa zinazojikaza kisabuni bado zipo, Mungu azibariki. Lakini masafa yenye nguvu, yale yanayoshika safi kutoka Mtwapa hadi Ukunda bila kukwaruza, mengi yanazungumza kutoka Nairobi. Watangazaji wawili wanacheka, na mada ni ndoa ya mtu aliyepigiwa simu akaaibishwa taifa zima likisikiliza, huku watoto wako kwenye matatu wakipelekwa shule. Kisha inakuja taarifa ya barabara: Thika Road imefunga, Mombasa Road imefunga kuanzia Bellevue. Mombasa Road hiyo iko Nairobi. Dereva aliyekwama Changamwe anasikia jina la mji wake, ananyoosha mkono kuongeza sauti, halafu anaurudisha kwenye usukani.

Wakati huo huo kuna watu wanaotoka Likoni kuja kisiwani kazini. Wanaoendesha kivuko wamekuwa wakitaja zaidi ya watu 300,000 kwa siku. Feri moja ikiharibika alfajiri, watu hao wanahitaji kujua jambo hilo kabla ya kutoka nyumbani: wangoje, au wapitie barabara ya Dongo Kundu, au wampigie bosi simu waseme watachelewa. Habari hiyo ina thamani kwa muda wa nusu saa tu. Ikisomwa katika taarifa ya saa saba mchana na mtu aliyeko mbali, haimsaidii yeyote. Kila stesheni iliyokuwa na mtangazaji hai hapa asubuhi ilikuwa nayo dakika tano baada ya kutokea, kwa sababu makanga wa Likoni walikuwa na namba ya studio na walikuwa wakiitwa hewani kwa majina yao.

Ramadhani ndipo pengo linapoonekana wazi zaidi. Mji huu una watu wa dini zote na tumeishi hivyo tangu zamani, lakini mwezi ule ratiba ya mji mzima hubadilika, hata kwa asiyefunga. Saa mbili asubuhi mtangazaji wa kitaifa anawauliza wasikilizaji wamekunywa chai na nini. Hana nia mbaya, ni vile hayuko hapa. Mtangazaji wa Mombasa, hata akiwa Mkristo wa Mikindani, anajua kuwa saa kumi jioni watu wanataka kusikia bei ya tende Marikiti na ya nazi Kongowea. Anajua kunyamaza magharibi inapoadhiniwa. Anajua kwamba usiku wa kungoja mwezi uandame simu zitamiminika, na kwamba lazima awe na namba ya mtu wa kuaminika, asije akatangaza Idi kwa uvumi. Maarifa hayo hayaandikiki kwenye karatasi ukatumiwa kwa barua pepe.

Na karatasi zipo, niliziona. Ninyi mnajua jinsi kazi hii inavyofanywa na mimi najua, lakini msikilizaji wa kawaida hajui, kwa hivyo nitamweleza hapa. Mtangazaji anaketi mbele ya kompyuta yenye programu ya kupanga nyimbo. Programu inamwonyesha mwisho wa wimbo mmoja na mwanzo wa unaofuata, na yeye anarekodi maneno ya kujaza pale katikati, sekunde ishirini, thelathini. Hasubiri wimbo uishe, anaruka hadi nafasi inayofuata. Kipindi cha saa nne kinakwisha kurekodiwa kwa chini ya saa moja. Akimaliza cha Mombasa anaanza cha Nakuru, halafu Kisumu, halafu Eldoret. Kesho yake kompyuta inavirusha vyote, na kila mji unaamini una mtu wake studio.

Nilipelekwa Nairobi wakati fulani kusaidia kuunganisha mtambo wa namna hiyo. Nikaketi karibu na kijana mmoja akifanya kazi. Mbele yake palikuwa na karatasi yenye majina ya mitaa yetu: Nyali, Bamburi, Kisauni, Tudor, Magongo. Akanigeukia akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Mzee, Kisauni ni ndani ya mji ama ni kijijini?" Nikamweleza. Akashukuru, akabonyeza kitufe, akasema kwa uchangamfu mkubwa, "Nawapa hai watu wangu wote wa Kisauni, najua leo mko poa!" Halafu akafungua karatasi ya Nakuru. Kijana yule simlaumu hata chembe. Alikuwa na sauti nzuri na bidii, na alikuwa akilipwa mshahara mmoja kwa kazi ya watu wanne. Walioandika karatasi ile, na waliokubali kwamba salamu hiyo iitwe ya Mombasa, ndio ninaowaandikia.

Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuwa baharini kikielekea pwani ya Afrika Mashariki. Idara ya Hali ya Hewa ilitoa onyo la upepo mkali na mawimbi makubwa kwa Pwani yetu; wavuvi wakatakiwa wasitoke, na watu wakaambiwa wakae mbali na fuo. Jumamosi tarehe 4 nilikuwa kibandani na redio iko kwenye stesheni moja kubwa. Wateja walikuwa wakiulizana kama kitatufikia. Redioni sauti ikasema kwamba leo ni Jumamosi njema ya kuteremka ufuo wa Pirates na familia, jua na mawimbi, halafu ukaingia wimbo. Nilijua papo hapo kilichotokea. Kipindi kilirekodiwa katikati ya wiki na hapakuwa na mtu studio wa kukisimamisha. Waliokuwa dukani hawakujua hilo. Mmoja akasema, "Basi kumbe kimeshapita." Hidaya ilitua upande wa Tanzania, Mafia, na sisi Mola akatunusuru. Lakini sentensi ya yule mteja sijaisahau, kwa sababu aliisema kwa imani. Aliamini redio.

Imani hiyo ndiyo mali yenu yote, ndugu wakurugenzi. Nyimbo mtu anazo kwenye simu, tena bila matangazo ya biashara. Vichekesho anavyo. Kelele za ndoa za watu anazo tele. Alichokosa kwenye simu ni mtu wa karibu anayethibitisha jambo kabla ya kulisema. Kwenye makundi ya WhatsApp sauti inasambaa kwamba daraja limevunjika, kwamba mtoto ameibwa, kwamba maji ya bomba yana sumu, na hakuna anayejua nani ameirekodi. Zamani mtu akisikia uvumi alisema "ngoja tusikie redio itasemaje." Mmeamua kupunguza gharama kwa kukata kile kimoja ambacho simu haiwezi kukitoa, mkabaki na vile ambavyo simu inavitoa vizuri kuwashinda. Siielewi hesabu hiyo.

Nitataja jambo la mbali, kwa kuwa wakubwa wa redio hupenda kutuambia kwamba hivi ndivyo inavyofanywa Ulaya na Marekani. Usiku wa kuamkia 18 Januari 2002, katika mji wa Minot, jimbo la North Dakota, treni ya mizigo iliacha reli na gesi ya amonia ikatanda juu ya mji. Stesheni zote sita za biashara za mji ule zilikuwa za kampuni moja. Polisi walisema walipiga simu watangaze tahadhari, wasimpate mtu. Baadaye pande mbili zikalaumiana, huyu akitaja mtambo wa tahadhari uliokataa, huyu akitaja studio iliyokuwa tupu. Mtu mmoja alikufa na mamia wakatibiwa kwa kuvuta hewa ile. Sasa tazameni Mombasa. Tuna Kipevu ambako meli za mafuta hutia nanga. Tuna Shimanzi ambako matangi ya mafuta yako karibu na makazi ya watu. Tuna malori ya petroli yanayopanda Changamwe usiku kucha. Jambo likitokea saa nane za usiku, nani atamjibu afisa wa zimamoto akipiga simu stesheni? Naomba kila mkurugenzi ajaribu usiku huu huu: apige namba ya studio yake ya Mombasa aone kama itaitikiwa.

Na Uingereza, ambako wengi wenu huenda kujifunza, wasimamizi wa matangazo walilegeza masharti mwaka 2018, saa za lazima za vipindi vya mitaani zikashuka kutoka 7 hadi 3 kwa siku. Mwaka uliofuata kampuni moja kubwa ikafuta vipindi vya asubuhi vya miji mingi, na kila mtandao wake wa stesheni ukabaki na kimoja kutoka London. Hilo mlilinakili haraka. Hamkunakili sehemu ya pili, kwamba hata baada ya kulegeza, sharti la habari za mahali stesheni ilipo lilibaki. Sisi tumeanza pale wao walipoishia, tena bila hata hilo sharti lao.

Mombasa si mgeni wa redio. Kabla ya uhuru mji huu ulikuwa na stesheni yake, Sauti ya Mvita, ikirusha mashairi na taarabu, na wazee wangu walikuwa wakikusanyika barazani kwa mwenye redio. Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Freretown mwaka 1940 na kutuaga Februari 2025, alisikilizwa nchi nzima, na kipindi chake Je, Huu ni Ungwana? kilichoanza 1966 kiliwafundisha Wakenya wa kila kabila adabu kwa Kiswahili cha nyumbani kwao. Aliitumikia nchi nzima na hakuulizwa apunguze Upwani. Leo vijana wetu wanaambiwa wapunguze. Nimewasikia kwa masikio yangu wakuu wa vipindi wakiwaambia watangazaji kwamba Kiswahili chao ni kizito, kwamba msikilizaji wa bara hatakielewa, kwamba wachanganye kidogo. Msikilizaji wa bara ana stesheni zake hamsini. Masafa haya yamepewa leseni yasikike hapa.

Taarabu, chakacha na bango nazo zimesukumwa hadi saa ambazo hakuna mdhamini, au zimeachiwa stesheni ya serikali. Sitalikawiza hili, anayetaka kujua aende harusi yoyote ya Kibokoni au Majengo asikie watu wanacheza nini, kisha arudi nyumbani afungue redio.

Ngoja niwaeleze mtangazaji wa hapa hufanya nini, kwa sababu nadhani wengine wenu hamjawahi kukaa studio jioni ya mji huu. Ilikuwa kipindi cha salamu, muda kidogo kabla ya magharibi. Kwenye zamu alikuwa dada mmoja wa Majengo. Simu ikaingia, mama analia, haelezi vizuri. Mtoto wake wa kiume amepotea kwenye msongamano wa kushuka feri upande wa Likoni. Yule dada alinipa ishara nishushe wimbo. Hakumpigia mkuu wa vipindi kuomba ruhusa. Alimtuliza mama kwa maneno mawili matatu, akamuuliza mtoto amevaa nini: kanzu nyeupe, kofia ya kijani, na juzuu ndani ya mfuko wa plastiki, alikuwa anatoka chuo cha Kurani. Kisha akasema hewani, polepole: "Mlio kwenye vibanda vya viazi karai hapo juu ya kivuko, tazameni mbele yenu. Makanga wa Ukunda na wa Shika Adabu, msiondoe gari kabla ya kuangalia viti vya nyuma. Mzee wa maji ya miwa, wewe ndiwe uko njia panda, muite mtoto ukimwona." Hakuwa na karatasi. Alikuwa anakiona kivuko kichwani mwake. Kabla ya adhana simu ikaingia kutoka kwa makanga: mtoto yuko kwenye gari la Ukunda, amelala kiti cha nyuma, alidhani mamake amepanda mbele.

Dada yule alipunguzwa kazi. Stesheni ile ilipochukua vipindi vya Nairobi waliitwa ofisini pamoja, wakapewa barua, wakatakiwa warudishe kadi za mlango siku hiyo hiyo. Hakuna aliyewaaga wasikilizaji. Jumatatu watu walifungua redio wakakuta sauti nyingine, wakapiga simu wiki nzima kuuliza kama dada ni mgonjwa. Nilikuwa bado kazini, nami ndiye niliyekuwa nikiitikia zile simu. Nilikatazwa kueleza. Sikuona kosa la kuwaeleza, na leo nawaeleza: hakuwa mgonjwa. Aliondolewa ili nafasi yake ijazwe na sauti isiyolipiwa mara ya pili.

Najua mtanijibu kwa habari ya pesa, na sitaki kuipuuza, kwa kuwa pesa ni ngumu kweli. Matangazo makubwa hununuliwa Nairobi na mawakala wanaotazama idadi ya wasikilizaji wa nchi nzima. Wakala anataka apige simu moja, alipe hundi moja, asikike kaunti zote. Stesheni ya mji mmoja haiingii kwenye hesabu yake. Kwa hivyo mkaunganisha kila kitu, na mkipata nafasi iliyobaki mnaijaza kamari na bahati nasibu za kutuma ujumbe, mpaka Aprili 2025 serikali ikalazimika kusimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30.

Lakini tazameni mlichokiacha mezani. Mombasa ilihesabiwa watu 1,208,333 mwaka 2019, achilia mbali wanaoishi Kilifi na Kwale na kuja mjini kila siku. Kuna maduka ya leso Biashara Street ambayo kila mtindo mpya ukitoka yanataka wanawake wa mji mzima wajue leo hii. Kuna wenye kumbi za harusi, wapishi wa biriani, shule za kibinafsi, mafundi wa boti, mawakala wa kutoa mizigo bandarini, wauza magari yaliyotumika. Hawa hawawezi kulipa bei ya nchi nzima, wala hawana haja ya kusikika Turkana. Nilishuhudia mwenye duka mmoja akija na pesa taslimu mkononi kutaka tangazo la wiki mbili. Kijana wa mauzo akamwambia bei na muda vyote vinaamuliwa Nairobi, aache namba atapigiwa. Hakupigiwa. Weka bei ya Mombasa kwa saa za Mombasa, mpe mtangazaji anayejulikana mtaani alisome tangazo kwa mdomo wake, muone. Sisemi litalipa kila kitu. Nasema halijawahi kujaribiwa kwa dhati tangu mlipofunga idara za mauzo za hapa.

Studio mnazo. Baadhi yake nilizifunga kwa mikono hii, na najua leo zimefunikwa turubai huku kiyoyozi kikiendeshwa ili ofisi ionekane hai. Mitambo ya kurushia iko Mazeras na kwingineko, inalipiwa umeme vile vile hata mkirusha sauti ya Nairobi. Kinachokosekana ni mtangazaji wa asubuhi na wa jioni, ripota wa kuzunguka, na fundi wa zamu. Watu hawa wapo, wengi wao wanauza nguo, wanaendesha tuktuk, wanasherehesha harusi. Na walipwe mshahara. Utaratibu wa kumweka kijana miezi kwa miezi "akijifunza" kwa nauli tu, halafu kumwita mwingine, umewachosha wenye vipaji na kuwaacha hewani wale tu ambao nyumbani kwao kuna wa kuwalisha.

Sasa nageukia Mamlaka ya Mawasiliano. Kanuni zenu za vipindi zinataka angalau asilimia 40 ya vipindi viwe vya humu nchini. Ni kanuni nzuri, imewasaidia wasanii wetu. Lakini kwa kanuni hiyo kipindi kilichorekodiwa Nairobi ni cha nyumbani hata kikirushwa Kisauni, na stesheni inaweza kuitimiza kikamilifu bila kuwa na binadamu hata mmoja Mombasa. Wakati huo huo mnasimamia saa: mmeweka kwamba kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku visirushwe vipindi visivyofaa watoto. Basi mnaweza pia kusimamia mahali. Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa vyombo vya habari, nami nakiheshimu. Siombi mtu aambiwe aseme nini. Naomba anayepewa masafa ya mji awe ndani ya mji huo.

Kwa hivyo leseni ya masafa ya Mombasa inapotolewa au kuhuishwa, iandikwe ndani yake kwamba kuanzia saa 12 hadi saa 4 asubuhi, na kuanzia saa 10 jioni hadi saa 2 usiku, siku za kazi, kipindi kinatoka studio iliyoko Mombasa, mubashara, na mtangazaji aliyepo. Habari za hapa ziwe na ripota wa hapa aliyefika mahali penyewe. Septemba 2019 gari lilipotumbukia kutoka kwenye feri na mji mzima ukakesha siku 13 ukingoja miili itolewe, waliotuheshimu ni wale waliokuwa na mtu aliyesimama ufuoni, akisema alichokiona na kukataa kusema asichokiona. Usiku awepo mtu mmoja wa zamu, mwenye mamlaka ya kukatiza kipindi, na namba yake iwe kwa polisi, zimamoto, bandari na Idara ya Hali ya Hewa. Na kipindi kilichorekodiwa kitangazwe kwamba kimerekodiwa. Hilo la mwisho haligharimu hata shilingi. Msikilizaji ana haki ya kujua kama anayemsalimu anamsikia.

Wakurugenzi mnaoweza kuanza bila kungoja sharti, anzeni na saa za asubuhi. Jaribuni mwaka mmoja, na mtu mmoja mnayemwamini, mpeni mkataba, mpeni uhuru wa kuchagua nyimbo zake na kuitikia simu zake. Nitakuja kuwafungulia studio na kupima mitambo bila malipo. Niko Mwembe Tayari, fundi yeyote wa mji huu atawaelekeza.

Na kwa Mamlaka nina la mwisho. Kila mnapopokea ombi la leseni mnalichapisha katika Gazeti Rasmi la Serikali na kumpa mwananchi siku 30 za kuandika maoni yake. Kwa miaka mingi sisi wa Mombasa hatukuitumia nafasi hiyo, wengi hawakujua ipo. Nimeanza kuwaambia wateja wangu, na wenzangu waliowahi kufanya kazi ya redio wameanza kuwaambia wao pia. Ombi lijalo la masafa ya Mombasa likichapishwa, barua zitafika katika ofisi yenu ya hapa, zimeandikwa kwa mkono na kutiwa sahihi, na kila moja itauliza swali hilo hilo: mtangazaji atakaa wapi?

Ni mimi,
Fundi mitambo wa zamani na msikilizaji,
Mombasa